Fundi Robo Avuka Kona ya Duka la Dawa

Baba yangu ametengeneza baiskeli kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuendesha hata moja kupita kona ya duka la dawa. Nasema kweli tupu. Akimaliza kazi anaifuta baiskeli ya mteja, anaipanda, anaiendesha kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye ile kona, mita mia mbili hivi, anakata kushoto, anazunguka, anarudi. Njiani anasikiliza. Akishashuka anachukua spana na kukaza nati moja au mbili robo mzunguko, hata kama hazijalegea, kisha anamwambia mwenye mali, "Robo tu, ya kukusindikiza." Ndiyo sababu mtaa mzima unamwita Fundi Robo. Wako watoto wa shule wanaodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Karakana yake, tunaiita karakana kwa heshima tu, ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ukutani zimetundikwa spana kwa kufuata ukubwa, kama ndugu waliopangwa kupigwa picha. Kuna benchi, stuli ya miguu mitatu, beseni la maji la kutafutia matundu ya tyubu, na makopo ya maziwa yaliyojaa nati ambazo yeye peke yake anajua ni za nini. Mle ndani kunanuka grisi na gundi. Mimi nimekulia humo. Hesabu za kujumlisha nilijifunza kwa spoku za magurudumu.

Sasa mimi ni nesi wa wodi ya mifupa, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Kila wiki naletewa wazee waliovunjika nyonga kwa mambo ya kipuuzi: zulia lililokunjika, ndala iliyokatika, paka aliyepita miguuni. Kwa hiyo miezi mitatu iliyopita Baba alipoteleza kwenye grisi akaanguka karakanani akiwa peke yake, mimi sikuhitaji kuelezwa zaidi. Alinipigia simu kesho yake, akanisimulia huku anacheka: aliteleza, akakaa sakafuni dakika kumi, akainuka, akaendelea na kazi. Nyonga ilivilia damu ikawa na rangi ya bilinganya, ila haikuvunjika. "Dakika kumi tu, mama," akasema. Baba ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na nadhani pia kwa sababu namgombeza kama yeye.

Tangu siku hiyo sikumpa nafasi ya kupumua. Alfajiri nampigia kuuliza kama ameamka. Saa nne, kama amemeza dawa ya presha. Mchana, amekula nini. Jioni, kama amefunga mlango. Nikamtayarishia chumba nyumbani kwangu, kilomita mia na kumi kutoka kwake, kwenye pwani ileile anayoishi yeye. Mume wangu akakipaka rangi, nikatafuta godoro gumu linalofaa mgongo. Kilichobaki ni Baba kufunga karakana, kugawa vifaa vyake na kuja. Yeye hataki hata kusikia. Nikianza habari hiyo anasema mtandao unakatikakatika, na wakati mwingine anasema hivyo tumekaa wote chumba kimoja.

Siku moja nikiwa nimemtembelea, maneno yakazidi. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe unaniona mgonjwa. Mimi naweza kutoka hapa mpaka mlangoni kwako kwa baiskeli."

Nikacheka, tena kicheko kibaya. "Wewe, Baba? Hujawahi kuvuka kona ya duka la dawa!"

Jirani yake, fundi redio, alikuwa amekaa pale na kikombe chake cha chai. Naye akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika, na nina hakika kicheko cha fundi redio ndicho kilichoharibu mambo. Baba akanawa mikono kwa sabuni ya unga, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akasema tuwekeane dau. Siku moja, kuanzia alfajiri. Akifika mlangoni kwangu kwa baiskeli kabla jua halijazama, bila kupanda gari la mtu, nisitaje tena habari ya kufunga karakana mpaka atakapoitaja mwenyewe. Akishindwa, anafunga na kuhamia kwangu mwezi huohuo. Tukapeana mikono, fundi redio akiwa shahidi.

Niseme ukweli wangu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika atashindwa. Mimi huendesha baiskeli mwisho wa wiki na wenzangu wa hospitali, najua kilomita mia ni nini. Nilishapiga hesabu: kwenye kilomita ya arobaini mzee atakuwa hoi, nitampigia mume wangu aje na gari, na mchezo utakuwa umekwisha huku mifupa ya baba yangu ikiwa salama. Ndiyo maana nikajitolea kumsindikiza. Nilikwenda kwake na baiskeli yangu kama msimamizi anayekwenda chumba cha mtihani.

Tuliondoka Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mimi nilikuwa na baiskeli yangu nyepesi ya gia ishirini na moja na kofia ngumu. Yeye alikuwa na baiskeli aliyojiundia kwa masalio ya wateja: fremu ya mmoja, usukani wa mwingine, matairi mawili yasiyojuana, na kengele ya baiskeli ya mtoto. Nyuma, kwenye keria, alikuwa amefunga sanduku la vifaa ambalo lingetosha kutengeneza treni.

"Hizo ni kilo ngapi, Baba?"

"Nimechukua vya muhimu tu."

"Sawa. Lakini yangu usiiguse. Usiikaze. Usiisikilize."

"Kugusa naweza kuacha," akasema. "Masikio hayana kifuniko, mama."

Fundi redio alitoka na shuka mabegani kutuaga. "Fundi, usisahau, ukifika kona unakata kushoto!" Baba akampungia mkono bila kugeuka. Lakini tulipofika kwenye duka la dawa niliona kwa macho yangu usukani ukianza kwenda kushoto wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Baba akauvuta, akaunyoosha, tukapita.

Mita mia mbili mbele akasimama.

"Nini tena?"

"Naangalia tu inasemaje." Akashuka, akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akatega sikio. Kisha akatoa spana, akagusa nati ya pedeli, akagusa bolti inayoshika kiti. "Robo tu. Haya, sasa twende mpaka pale kwenye kituo cha mafuta."

Ndipo nikaelewa siku yangu itakuwaje. Baba hakuwa na akili ya kilomita mia na kumi. Alikuwa na akili ya kona. Alichagua kitu mbele, kibao, daraja, mnazi uliopinda, akaenda mpaka hapo, akashuka, akasikiliza, akakaza robo, akachagua kingine. Nilihesabu mara kumi na moja kabla jua halijachomoza, kisha nikaacha kuhesabu nisije nikapata presha mimi.

Lakini siwezi kusema uongo, asubuhi ile ilikuwa tamu. Nyumba zilipokwisha barabara ilishuka ikakutana na bahari, na tangu hapo bahari ilikaa mkono wetu wa kushoto. "Leo ukikata kushoto utaogelea," nikamwambia, naye akacheka mpaka usukani ukacheza. Lami ilikuwa bado baridi. Upepo ulikuwa umepeperusha mchanga ukauweka barabarani mistarimistari, na kaa wadogo walikuwa wanavuka kwa haraka kwenda kwenye mikoko. Baba aliwapigia kengele kila mmoja. Alinionyesha rangi ya maji mahali yanapokuwa na kina na mahali pasipo na kina, akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba yako hivi. Nikamjibu nimepita njia hii mara mia, nimelala kwenye basi.

Kilomita ya thelathini hivi akainua kidole. "Kuna mtu anateseka." Mimi sikusikia kitu. Dakika mbili baadaye akatokea muuza mayai kutoka upande wa pili, ana trei zimerundikwa nyuma mpaka zimempita kichwa, na baiskeli yake inalia kama mlango wa zamani. Baba akamsimamisha kwa mkono, mfano wa askari wa barabarani. Walipoteza, au nilipoteza mimi, dakika arobaini nzima. Trei zilishushwa moja moja, mnyororo ukafunguliwa, breki ya mbele ikarudishiwa uhai. Nilisimama nikimwonyesha saa.

"Mama," akaniambia bila kuinua kichwa, "kijana huyu amebeba mayai mia tatu, na breki yake ni moja. Na mbele kuna mteremko."

Nikashusha mkono wenye saa. Muuza mayai aliagana naye kwa mikono miwili, akampa mayai manne, akaondoka kimya, yaani baiskeli ilikuwa kimya. Baba alisimama katikati ya lami akisikiliza ule ukimya mpaka ukaisha.

Kwenye kilomita ya arobaini, pale nilipopanga ashindwe, alikuwa anakula yai la kuchemsha kwenye mgahawa wa kando ya barabara, mwenye mgahawa ametuchemshia. Lakini alikuwa anakula amesimama. Nikamuuliza kwa nini hakai. Akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kutoa siri.

"Watu wanakaaje juu ya kitu kile?"

"Kitu gani?"

"Kiti cha baiskeli! Miaka thelathini na minne nawafungia watu viti vile, nawaambia kizuri hicho, laini hicho. Mungu anisamehe."

Mwenye mgahawa alicheka mpaka akakalia gunia la mkaa. Akatupa kipande cha sponji, Baba akakifunga juu ya kiti kwa mpira wa tyubu, tukaendelea. Ila mimi nilikuwa nimeshaanza kumwangalia goti. Goti la kulia lilikuwa linakwenda nje kidogo kila akikanyaga. Mimi ninayajua magoti. Likienda nje vile, limechoka.

Saa saba mchana tulikuwa kilomita ya sitini na tano, kando ya mashamba ya chumvi, weupe kila upande na jua linatuunguza juu na chini. Upepo nao ukageuka ukaja usoni. Baba aliketi chini ya kibanda cha wachota chumvi, akanywa maji, akafumba macho. Midomo ilikuwa imekauka. Nilimpima mapigo ya moyo bila kumwomba ruhusa, nikayakuta mazuri kuliko nilivyotaka. Kwa nini nisikiri? Kuna sehemu yangu iliyotaka kupata sababu ya kumsimamisha.

"Nimpigie baba watoto?" nikauliza polepole.

"Mpigie," akasema, macho yamefumba. "Mpigie umsalimie sana."

Akainuka. Alitumia ule mtindo wa kushika paja kwa mikono miwili na kulivutia juu, kisha akachagua kona, rundo la chumvi lililofunikwa turubai, mita mia tatu mbele. Kuanzia pale zile kona zikawa fupi zaidi. Na kila kona spana ilitoka. Pedeli, robo. Kiti, robo. Nilimwambia mara tatu au nne, "Baba, hiyo haijalegea!" Alinijibu kwamba anajua.

Kilomita ya themanini na nane, saa tisa na nusu, tulikuwa juu ya daraja dogo la saruji linalovuka mkondo wa mikoko. Baba alishuka kama kawaida yake, akaweka spana kwenye bolti ya kiti, akaikaza robo. Kitu kikalia, tak. Kiti kikaanguka barabarani pamoja na sponji yake, ikabaki ile nguzo ya chuma imesimama peke yake juu ya baiskeli, inatisha.

Baba akaokota kiti, akakigeuza. Bolti ilikuwa imekatika, na kipande kimebaki ndani ya tundu lake. Alifungua lile sanduku. Mlikuwa na bolti za kila baiskeli iliyowahi kupita mtaani kwetu, lakini hazikuwa na pa kuingia, kwa sababu tundu lilikuwa limezibwa na chuma, na chuma kile hakitoki bila drili ya umeme. Akajaribu kukifunga kiti kwa mpira wa tyubu, mizunguko ishirini. Akapanda. Hatua thelathini mbele kiti kikamgeuka, nusura kimtupe mkondoni. Akajaribu kuendesha amesimama. Goti likamkatalia palepale, akashuka akiuma meno.

Kilomita ishirini na mbili zilikuwa zimebaki. Kwa miguu, akisukuma, asingefika kabla ya giza, na sote tulijua. Nilikuwa nimeshinda. Nilisubiri nifurahi.

Baba alikaa kwenye ukingo wa daraja, akaanza kucheka. Alicheka peke yake, mabega yanatikisika, ameshika ile bolti iliyokatika.

"Nimeiua mwenyewe," akasema. "Ilikuwa nzima kabisa."

"Nilikwambia!" Hasira ilinipanda, sijui hata ilitoka wapi. "Tangu asubuhi nakwambia! Kwa nini unakaza kitu kizima?"

"Kwa mteja haina neno. Mteja anakuja mara moja kwa miezi mitatu, namkazia robo, anakwenda. Leo nimeikaza mara arobaini, hamsini. Chuma gani kitavumilia?" Akafuta macho kwa kiganja chenye grisi, akajichora mstari mweusi usoni. "Ndiyo tabia, mama. Ukikipenda kitu unaogopa kitalegea ukiwa hukiangalii. Unarudi, unagusa kidogo. Unarudi tena."

Hakuwa ananisema mimi. Namjua Baba, hana maneno ya mafumbo, alikuwa anazungumza habari za bolti. Lakini nilihisi uso unaniwaka. Nilikumbuka simu zangu. Umeamka? Umemeza? Umekula? Umefunga? Mara nne kwa siku, miezi mitatu, kwa mtu mzima ambaye hakuwa amelegea popote. Nikageuka nikatazama mikoko kwa muda, kwa sababu sikutaka anione.

Niliporudi nilikuwa nimeishika baiskeli yangu. Nikashusha kiti chake kidogo.

"Panda hii."

Akanitazama. "Umesema nisiiguse."

"Tuliwekeana ufike kwa baiskeli. Hatukusema ya nani."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja na hii yako."

"Haina kiti, mama."

"Nimeona haina kiti, Baba! Nina macho! Panda kabla sijabadili mawazo." Sauti yangu ilikuwa ya wodini, ile ambayo hata madaktari huisikiliza. Nikamwonyesha gia: hii ya mlima, hii ya tambarare, ukichoka rudi hapa. Nikamvalisha kofia ngumu. Akafungua mdomo aombe spana. Nikatia spana kwenye sanduku, nikalifunga sanduku kwenye keria yangu mpya, yaani yake. "Unakwenda bila hiyo. Na usinisubiri, jua halinisubiri mimi."

Akapanda. Mita chache za kwanza alikwenda akiyumba, kama mtoto. Kisha akaweka ile gia ya tambarare, na nikaona mgongo wake ukishtuka kwa furaha. "Eee!" nikamsikia. "Eee, kumbe!" Kulikuwa na kibao cha kuonya magari mwendo, mahali pazuri pa kusimama na kusikiliza. Alikipita. Kulikuwa na mnazi, akaupita. Barabara ikapinda kufuata ghuba, naye akapinda nayo, hakugeuza hata shingo, mpaka mikoko ikamficha. Niliogopa sana wakati ule. Kila mfupa ninaoujua kwa jina niliuogopea. Na nilikuwa nacheka.

Sasa habari ya kilomita ishirini na mbili kwa baiskeli isiyo na kiti sitaieleza kirefu, nina heshima zangu. Nitasema tu kwamba nilisimama juu ya pedeli mpaka mapaja yakawa si yangu, nikasukuma kwa miguu, nikasimama tena. Sanduku la treni lilinivuta nyuma kwenye kila kilima. Wasichana waliokuwa wanatoka kuchota maji waliniuliza, "Dada, kiti chako kimeibiwa?" Nikasema ndiyo, na fundi. Simu ilikuwa mfukoni. Mara kumi nilitaka kumpigia, nimuulize umefika wapi, umekunywa maji. Sikumpigia. Nilimpigia mume wangu mara moja tu, nikamwambia aangalie barabara, na kama atamwona mzee asimpe lifti hata akiomba.

Jua liligusa vilele vya minazi upande wa bara nikiwa bado na kilomita tatu. Nilishuka, nikalitazama likizama lote, mpaka kipande cha mwisho. Sikujua Baba yuko wapi. Kama alikuwa bado njiani, alikuwa ameshindwa, na nilijikuta naliombea jua lile lisiende haraka.

Niliingia kwetu kabla giza halijakolea. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Baba alikuwa kibarazani kwenye kiti cha mto, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi, kofia ngumu bado kichwani, na majirani wanne wamemzunguka. Mume wangu alikuja kunipokea baiskeli, akaitazama ile nguzo, akanitazama mimi, akaamua kwa busara yake kutouliza.

"Alifika saa ngapi?" nikanong'ona.

"Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Alipiga kengele mpaka mtaa ukatoka nje."

Majirani walipomaliza hongera zao na kuondoka, nilikaa chini kwenye ngazi, kwa uangalifu mkubwa, upande mmoja. Baba akaniangalia na ule mstari wa grisi bado usoni.

"Nimeshinda?"

"Umeshinda, Baba. Karakana ni yako. Sitaitaja tena mpaka uitaje mwenyewe."

"Hata kwa simu?"

"Hata kwa simu."

Akaitikia kwa kichwa. Akakanyagakanyaga maji kwenye beseni.

"Basi naitaja," akasema. "Siku ile nilipoanguka, hazikuwa dakika kumi. Nilianguka saa nne asubuhi. Nikainuka saa nane mchana. Mguu ulikuwa haunisikii. Fundi redio alikuwa amesafiri, mlango nilikuwa nimeurudishia. Nilikuita wewe, mama. Nilijua huwezi kusikia, lakini nilikuita."

Mume wangu aliyekuwa anatoka na chai akasimama mlangoni.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ungenihamisha kesho yake." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja saizi ya nati. "Sasa huwezi, kwa hiyo naweza kusema. Naogopa kuwa mle ndani peke yangu mchana. Nataka niwe nafungua asubuhi tu, mpaka saa sita. Mlango uwe wazi. Fundi redio nimwambie awe anachungulia. Na kile chumba mlichopaka rangi, nikitumie wiki moja kila mwezi. Kama mgeni, lakini. Nikichoka nawaaga."

Nililia kwa sauti, na sikujali nani anaona. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia: simu ya dharura ya kuvaa shingoni, viatu visivyoteleza, daktari wa magoti ninayemwamini, kipimo cha nyonga kesho asubuhi. Yalikuwa yamejipanga mdomoni. Nikafuta uso, nikamuuliza anataka kurudi nyumbani lini.

"Jumatano," akasema.

Nikasema sawa.